Bomba la Maji, Gesima

Kwako mdogo wangu mpenzi,

Natumai hapo Kilifi Mama anameza dawa zake bila kubembelezwa. Sisi tulifika salama. Watoto walishikwa na mafua siku ya pili kwa ajili ya baridi, yakaisha, na sasa hata viatu hawataki kuvaa.

Uliniomba nikifika nikuandikie barua ya kujaa, si vile vijumbe vyangu vya simu vya maneno matatu. Tena kuna swali lako tuliloachana nalo pale stendi: mtu ambaye hajawahi kushika chuma anaanzaje kunyanyua uzani, ule tunaouona kwenye Olimpiki? Najua linakotoka. Hiyo jimu iliyofunguliwa karibu na kazini kwako unaipita kila jioni, unachungulia mlangoni, unawaona vijana wenye vifua kama milango, unaenda zako. Basi jibu nimelipata, na nimelipata nyuma ya mashine ya kusaga unga.

Ngoja kwanza nikusafirishe. Tulitoka Nairobi saa kumi na moja alfajiri, tukateremka Bonde la Ufa kwa njia ya Mai Mahiu, tukanywa chai Narok, kisha Bomet, kisha Sotik. Njia yote hiyo nilikuwa nasinzia. Ukishapita Chebilat macho yanafunguka yenyewe: chai kushoto, chai kulia, imechumwa ikawa sawa juu kama mkeka uliotandikwa kwenye mlima, katikati migomba, na juu ya migomba mikaratusi. Hakuna kipande cha ardhi kilicholala bure. Tukashukia Keroka, mji uliokaa juu kabisa ya mpaka wa kaunti mbili, Kisii na Nyamira, wenye soko la ndizi na parachichi usiloweza kulimaliza kwa macho. Kutoka hapo tukapanda bodaboda tatu, mimi na mabegi, mume wangu na watoto, na ya tatu ilibeba unga na sukari ya nyumbani. Gesima ni kata ya Kitutu Masaba, upande wa Nyamira. Mvua ya huku ina saa yake. Asubuhi jua, jua likishapinda mawingu yanakusanyika, na kabla ya saa kumi mtu aliyeanika nguo ameshakimbia.

Mashine ya kusaga iko njia panda, hatua kama mia mbili kutoka kwa wakwe zangu. Nyuma yake kuna uwanja mdogo uliozibwa kwa mabati, na humo ndimo shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, amejijengea jimu. Alikaa Nairobi miaka sita, mchana akilinda lango la watu, jioni akifundishwa kunyanyua uzani na mwalimu mmoja wa Eastlands. Aliporudi nyumbani alirudi na begi moja na ujuzi huo. Vifaa vyake ni hivi: bomba la maji, nondo moja nene ya wanafunzi waliokomaa, sahani za saruji zilizomiminwa ndani ya sufuria kuukuu, tairi nne za gari, matofali na ubao mpana. Vijana saba na wasichana wawili huja kila jioni mvua ikiisha.

Nilitaka kuingia tangu siku ya kwanza, ila kulikuwa na jambo la kutatua. Wagusii wana kitu wanachokiita chinsoni, ile staha kati ya mzazi na mwana, na inakuwa nzito zaidi kati ya wakwe. Mimi hapa ni mkaza mwana. Haiwezekani baba mkwe apite njiani anione nimechuchumaa na suruali ya kubana. Sikutaka kumvunjia heshima, na sikutaka kukosa. Nilimweleza mama mkwe wazi tukiwa tunachambua chinsaga, zile mboga chungu za huku. Akanyamaza kitambo, akasema saa kumi na moja mzee huwa zizini akikamua, na akikamua hatoki mpaka amalize. Kisha akaongeza, “Jifunge leso mpaka uvuke mabati.” Basi kila jioni nilivaa suruali, nikajifunga leso mbili juu yake, nikavuka mabati, nikazitundika kwenye msumari. Leso hizo zilikuwa ruhusa yangu, na niliziheshimu hivyo.

Sasa sikiliza. Siku ya kwanza sikushika hata bomba. Shemeji alinipa mpini wa jembe, wa mkaratusi, mrefu kunishinda. Akasema kwenye Olimpiki kuna mitindo miwili tu. Wa kwanza ni snachi: unaokota chuma chini na kukifikisha juu ya kichwa kwa mkupuo mmoja, mikono imenyooka. Wa pili ni klini na jeki: unakileta mabegani kwanza, unasimama nacho, ndipo unakirusha juu. Mashindanoni kila mtu ana majaribio matatu kwa kila mtindo, na waamuzi ni watatu, kila mmoja na taa yake, nyeupe au nyekundu. Ukikunja viwiko halafu ukamalizia kwa kusukuma, wanawasha nyekundu. Omogaka mmoja, yaani mzee wa heshima, aliyekuja kusaga mahindi akauliza mbona wasisukume tu kwa nguvu za mikono, kama wanaume. Shemeji akamjibu kwa adabu kwamba mtindo huo ulikuwepo, ukaondolewa baada ya Olimpiki ya Munich ya 1972. Mzee akatikisa kichwa, hakuafiki, akachukua unga wake.

Kabla ya kunifundisha kunyanyua, alinifundisha kuangusha. Utadhani jambo dogo. Aliniamuru nishike mpini juu ya kichwa, nichuchumae, kisha auguse kwa mbele, nami niuache uende mbele huku nikiruka nyuma. Tena auguse kwa nyuma, niuachie uanguke nyuma yangu huku nikiruka mbele. Tulirudia mpaka mikono ikawa inaachia yenyewe. Anayeanza hukiogopa chuma kwa sababu hajui atakitupa wapi kikimshinda, na woga huo ndio unaomfanya akishikilie mahali ambapo angekiacha. Ukiingia hiyo jimu yako, hilo ndilo swali la kwanza la kumuuliza mwalimu. Akikucheka, tafuta mwalimu mwingine.

Kisha alianza kunifundisha kutoka juu kuja chini, kinyume na nilivyotarajia. Mpini ulishikwa kwa mapana: nikisimama wima mikono imenyooka, ukae pale paja linapokutana na kiwiliwili. Dole gumba liwe chini, vidole viwili au vitatu vilifunike. Siku ya kwanza inauma, siku ya nne unasahau. Nikauweka juu ya kichwa na kuchuchumaa polepole, visigino vikinyanyuka, akanisukumia kipande cha ubao chini yavyo. Viatu vya wanyanyuaji vina kisigino kigumu kilichoinuliwa kwa sababu hiyo hiyo, na ubao wa fundi seremala unafaa wakati wa kujifunza. Baadaye nikaanzia nyonga: magoti kidogo, mgongo wima, simama kwa ghafla kama mtu aliyeitwa jina lake, kisha jivute uingie chini ya mpini. Siku iliyofuata kutoka magotini. Ardhini nilifika siku ya sita.

Hapo ndipo aliponionyesha jambo lililonifanya nikuandikie yote haya. Mpini ulikuwa unaniendea mbali. Nikidhani nimeusimamisha sawa, unazunguka mbele kama mtu anayetupa wavu, na mimi naufuata kwa vidole vya miguu. Aliniambia mara tano niuweke karibu na mwili, nami mara tano nikamwambia uko karibu. Hakubishana. Aliingia mashineni, akachota konzi ya unga wa mahindi uliomwagika chini ya kinu, akaupaka mpini mzima. Mimi nilikuwa na fulana nyeusi. “Haya, shemeji, nyanyua.” Nikanyanyua. Akanionyesha: mstari mweupe juu ya magoti, halafu hakuna kitu, giza tupu kutoka pajani mpaka shingoni. Unga ulisema ukweli niliokuwa nimeukataa kwa mdomo. Nikajipangusa, nikarudia. Mara ya pili, hakuna. Mara ya nane ukatokea mstari mwembamba juu kabisa ya paja. Mara ya kumi na kitu, paja, na alama hafifu hapa chini ya kifua. Alipiga makofi mara moja tu, akaenda kumwangalia mtu mwingine.

Asubuhi yake lori la mbolea lilifika duka la jirani, magunia ya kilo hamsini hamsini, na wapakuaji watatu. Mmoja wao ni mtu mwembamba, umri wake wa makamo, amevaa koti la bluu lililochakaa. Nilisimama mlangoni na kikombe cha chai nikamtazama kama ninavyotazama mtu anayesoma kitabu ninachokisoma mimi. Anachuchumaa, anakumbatia gunia, mgongo wake hauvunjiki. Anasimama, gunia linapanda juu ya mapaja yake likimgusa, nyonga zinalipiga, na gunia hilo la kilo hamsini linaruka, nakuapia, linaruka peke yake, naye anaingiza bega chini. Hakuna mkono uliovuta. Aliposimama kupumzika nikaliona koti vizuri. Lilikuwa limechanika nyuzi mahali pawili tu: juu ya mapaja, na hapa chini ya kifua. Kwingine kote lilikuwa zima. Ni pale pale unga wangu ulipokuwa unatakiwa kubaki.

Nilimwambia. Nilimwonyesha fulana yangu, bado ilikuwa na unga. Akalitazama koti lake kama analiona kwa mara ya kwanza, akasema mkewe amemshonea viraka hapo mara tatu.

Tangu siku ile nimekuwa nikiwaza jinsi tunavyowatazama wanaonyanyua uzani kama watu wenye kitu ambacho sisi hatukupewa. Mturuki Naim Süleymanoğlu hakufika mita moja na nusu kwa urefu, na Seoul, mwaka 1988, akiwa katika kundi la kilo 60, aliinua kilo 190 juu ya kichwa chake. Mwili mdogo kama ule haubebi mara tatu ya uzito wake kwa ukubwa wa mikono. Unabeba kwa njia inayopitwa na chuma, karibu na mwili, na kwa wakati wa kuingia chini yake. Yule mpakuaji anaijua njia hiyo, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ni ujuzi.

Sasa habari za vifaa, maana najua utauliza. Chuma halisi cha wanaume kina kilo 20 na cha wanawake kilo 15, na cha wanawake ni chembamba zaidi, milimita 25, ili kiganja kifunge. Ncha zake zinazunguka. Hilo ndilo mtu anayetengeneza chake nyumbani hulikosa. Chuma kikipinduka mabegani na sahani zimegandishwa kwake, sahani zinataka kuendelea na safari yao, na kinachozizuia ni vifundo vyako vya mikono. Shemeji mwenyewe aliumia hivyo mwaka mzima kabla ya kugundua. Fundi wa kuchomelea vyuma wa hapa njia panda ndiye aliyelitatua: bomba la inchi robo tatu likawa la kushikia, akakata vipande viwili vya bomba la inchi moja, akavipaka grisi na kuvivisha kwenye ncha mbili, akachomelea vizuizi visichomoke. Sahani zinakaa kwenye vipande hivyo vya nje, navyo vinazunguka. Nilikizungusha kwa kidole, kikaendelea kwa muda bila sauti. Bomba hilo halifai kwa uzito mkubwa, litapinda, lakini anayeanza hana haja nao.

Sahani nazo zina mambo yake. Sahani ya mashindano ina kipenyo cha sentimita 45, hivyo chuma hukaa sentimita 22 na nusu kutoka ardhini. Hizi zetu za saruji ni ndogo, na bomba lingekaa chini mno, uinamie mpaka mgongo ukunjike. Kwa hiyo kuna matofali mawili kila upande ya kuliinua. Na kwa kuwa saruji ikiangushwa inapasuka, tairi ziko mahali pa kupokea. Jambo lililonifurahisha kuliko yote ni upimaji. Shemeji alikuwa na mashaka kwamba sahani mbili za kilo tano hazilingani, kwani nilikuwa naenda upande nikisimama. Jioni moja, chai ikishapimwa na lori kuondoka, tulizibeba mpaka kituo cha majani na kumwomba karani atupimie kwenye mizani ya chai. Wakulima waliobaki wakatuzunguka. Ya kwanza: kilo 5.4. Ya pili: kilo 6.3. Karibu kilo nzima! Karani akazipima tena kwa hiari yake, majibu yale yale. Tukarudi, shemeji akachukua tindo na nyundo, akaichonga ile nzito ukingoni, kidogo kidogo, mpaka siku ya pili ilipokubali kuwa 5.5. Ile ya kwanza akaiongezea lipu. Bomba na ncha zake lilikuwa kilo nne na nusu. Jumla, hesabu mwenyewe.

Klini na jeki sikuzama sana, muda haukutosha. Nitakuambia tu kwamba kwenye klini, chuma kikishafika mabegani, viwiko viangalie mbele, kama unamwonyesha mtu aliye mbele yako ncha zake. Vikilegea chini, mzigo unahamia mikononi na mgongo unakunjika. Na kwenye jeki, ukishatawanya miguu, mmoja mbele mmoja nyuma, rudisha wa mbele kwanza.

Wale wasichana wawili wako kidato cha tatu. Siku moja mmojawapo aliniuliza kama kuna Mkenya mwanamke aliyewahi kufika Olimpiki kwa kazi hii. Nilimwambia Mercy Obiero alituwakilisha London mwaka 2012, na Rio mwaka 2016 akaenda James Adede. Hakuwa amewahi kulisikia hata jina moja. Hilo liliniuma. Huku ni Nyamira, mdogo wangu, nchi ya Naftali Temu, aliyetuletea dhahabu ya kwanza ya Olimpiki katika historia ya Kenya, mita 10,000, Mji wa Mexico, Oktoba 1968. Kila mtoto wa hapa anaambiwa akimbie, na ni haki waambiwe. Lakini si kila mtoto ana miguu ya kukimbia. Wako wenye mapaja mafupi na mgongo mpana, wanaochota maji na kubeba ndizi tangu wakiwa wadogo, na hakuna anayewatazama akawaza michezo. Wanawake wenyewe waliruhusiwa kunyanyua kwenye Olimpiki mwaka 2000 tu, Sydney. Niliwaeleza habari za Hidilyn Diaz, Mfilipino aliyekwama Malaysia wakati wa korona, jimu zimefungwa, akafunga madumu ya maji kwenye mti wa mwanzi akaendelea kunyanyua. Mwaka 2021, Tokyo, aliinua kilo 127 na kuipa nchi yake dhahabu ya kwanza kabisa ya Olimpiki. Wasichana wale wakalitazama bomba. Kesho yake walifika kabla ya mvua kwisha.

Siku ya kumi na moja shemeji alivisha sahani zote mbili. Kilo 15 na nusu, kwa watu wa jimu yako hicho si kitu. Mimi nilipaka chaki, nikaingiza dole gumba, nikasikia mashine ya kusaga ikinguruma nyuma ya bati, nikasimama. Nilihisi bomba limegusa paja, limegusa fulana, kisha halikuwa na uzito. Sijui namna nyingine ya kulieleza: kwa muda mfupi mno halikuwa na uzito, na katika muda huo nilikuwa nimeshaingia chini yake. Nilijikuta nimechuchumaa, mikono imenyooka, nikitazama mawingu juu ya mikaratusi. Nikasimama nalo. Wasichana walipiga kelele. Mama mkwe, ambaye sikujua kwamba alikuwa mlangoni akiwa na debe lake la mahindi, hakusema neno. Alikwenda kwenye msumari, akazichukua leso zangu, akazishika mikononi mpaka nilipolitua bomba, akanifunga mwenyewe.

Tunaondoka Jumamosi. Nakuletea ndizi, wimbi la uji wa Mama, na mpini. Shemeji ameupiga msasa hadi ukawa laini na kuuwekea alama mbili za rangi mahali pa kushika, lakini alama hizo ni za mikono yangu. Wewe una mikono mirefu: simama wima mbele ya kioo, uteleze mpini mpaka ukae kwenye mkunjo wa paja, ndipo uchore zako. Vaa fulana nyeusi. Unga upo jikoni.

Dada yako akupendaye.